Pua ya Difu na Mtani Wangu Chisenga

Mkitaka kujua kama ekseli ya nyuma ya lori imefungwa sawasawa, vijana wangu, msimwulize fundi aliyeifunga. Msikilizeni dereva. Na msisikilize maneno yake tu, sikilizeni anayasema kwa namna gani. Mimi sikusikiliza, na kosa langu lipo nyumbani kwangu hadi leo: kipande cha chuma, kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, kinachozuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo wa ziwa. Wageni wanakipita. Mke wangu anakisogeza akifagia. Mimi nikikiona asubuhi namshukuru Mungu, halafu naona aibu kidogo, halafu naenda kunywa chai.

Nilianza kazi ya magari hapa Nchelenge nikiwa na umri wenu. Habari hii ni ya miaka ya hamsini, wakati malori ya samaki yalipanda kutoka ziwani kwenda Kawambwa na Fort Rosebery, mji ambao ninyi mnauita Mansa. Nyumbani tulisema Kibemba kama sasa, lakini gereji yetu ilisema Kiswahili, kwa sababu aliyetufundisha kazi alitoka Kasenga, ng'ambo ya mto Luapula, na hakuwa na haraka ya kujifunza lugha nyingine. Tulimwita Papa Ilunga. "Chuma inasikia luga yote," alisema. "Ni batu njo banachagua," yaani watu ndio wanaochagua.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili wake. Kabla ya kuingia chini ya gari alisali, na alisali jicho moja likiwa wazi, akiliangalia jeki. Nilipomwuliza kama hiyo si imani haba, alijibu kwamba Mungu alimpa macho mawili, moja la mbinguni na moja la jeki.

Kabla sijaenda mbele, acheni niwaeleze chombo chenyewe, maana wengi wenu mnabadilisha vipuri bila kuvistaajabia.

Injini na giaboksi viko mbele. Difu iko nyuma, katikati ya ekseli, imevimba kama tumbo la samaki mwenye mayai. Mbele ya difu kuna pua, na ndani ya pua kuna pinioni, gia ndogo inayopokea nguvu. Kati ya giaboksi na pua hiyo unapita mti wa chuma unaozunguka, kardani. Kila mwisho wa kardani una krosi, kiungo chenye umbo la msalaba, kinachouruhusu mti huo kuzunguka huku umepinda. Lazima upinde, kwa sababu giaboksi iko juu na difu iko chini, na barabara inairusha difu siku nzima.

Sasa sikieni jambo ambalo miaka yote hii haijanizoesha. Krosi ikizunguka huku imepinda, haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko inaharakisha kidogo, inachelewa kidogo, inaharakisha tena, inachelewa tena. Jicho halioni. Chuma kinaona. Na dawa yake si kuuondoa upinde huo. Dawa ni kuweka krosi ya pili iliyopinda kiasi kile kile, ili pale ya kwanza inapoharakisha, ya pili ichelewe. Kosa la mbele linafutwa na kosa la nyuma, na magurudumu yanapokea mzunguko laini kama mafuta. Siku Papa Ilunga aliponieleza haya niliweka spana chini. Nilikuwa nimelelewa kanisani, nilijua habari za miujiza, lakini sikuwa nimefikiri kwamba mmoja ulikuwa unazunguka kila siku juu ya kifua changu, nimelala chini ya lori, nikiupaka grisi.

Ili krosi zifutiane makosa, sharti ni kwamba mhimili unaotoka giaboksi na mhimili wa pinioni iwe sambamba. Giaboksi inainamia nyuma kidogo. Pua ya difu iinuke mbele kwa kiasi hicho hicho, isizidi. Hiyo ndiyo pembe ya pinioni. Nimewaambia kwa maneno machache. Mimi ilinigharimu zaidi.

Lori letu lilikuwa la tajiri mmoja wa samaki. Ekseli yake ya nyuma ilipasuka ganda kwa mashimo ya barabara, na ekseli mpya haikupatikana kokote. Kasenga kulikuwa na malori yaliyokufa, kwa hiyo tulivuka, mimi na Papa Ilunga, kutafuta ekseli ya maiti. Muuzaji wa kwanza alituonyesha moja iliyopakwa rangi vizuri. Aliizungusha kwa mkono. Haikutoa sauti hata kidogo.

"Sikia, Papa, inanyamaza kama mutoto amelala," alisema.

Papa Ilunga alifungua kizibo cha mafuta, akachovya kidole, akakinusa. Akakinusa tena.

"Ndugu yangu, hii difu inakulaka ndizi?"

Yule mtu alitazama mawingu. Ndani ya difu alikuwa amesokomeza ndizi mbivu ili gia zilizolika zisipige kelele. Gari lingetembea kimya mpaka ndizi zikauke, yaani mpaka mnunuzi afike mbali. Tukaenda kwa muuzaji wa pili, tukachukua ekseli yenye kutu na sura mbaya, ambayo mafuta yake yalinuka mafuta. Basi mjue na hilo: kabla ya kununua difu, nusa.

Ekseli ile ilikuwa ya lori la kabila lingine. Viti vya springi juu yake vilikuwa na mlalo tofauti na wetu, kwa hiyo tulipoiingiza, pua ya difu iliangalia ardhi. Ilihitaji kabari za chuma kati ya springi na kiti chake ili kuielekeza. Asubuhi ile ile Papa Ilunga akaitwa kisiwani Kilwa, Kilwa hii ya ziwa letu, mashine ya boti ya watu ilikuwa imezimika. Akiwa mguu mmoja ndani ya mtumbwi alinielekeza:

"Funga springi, funga breki. Pua usiiguse. Minarudia kisha siku tatu."

Upepo ulimzuia kisiwani zaidi ya wiki. Tajiri alikuwa anatembeatembea mlangoni. Mimi nilikuwa na mikono mizuri na kiburi kizuri zaidi.

Niliinua fremu kwa jeki, springi zikalegea, magurudumu yakaning'inia hewani. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu lori halisafiri likining'inia. Nikalala chini nikatazama. Giaboksi kule, pua huku. Nikajiambia kwamba kilichonyooka ndicho kizuri. Nikachonga kabari mbili kwa tupa, siku nzima, nikaziingiza upande mnene ukiwa nyuma, mpaka pua ikainuka na kuitazama giaboksi usoni. Nilipofunga kardani, kwa nyuma ilinyooka kama uzi wa nyavu uliovutwa. Nikasimama mbali, nikaitazama kazi yangu, nikaiona ni njema. Lakini krosi ya nyuma, kwa kunyooka vile, haikuwa na upinde wowote wa kuufuta ule wa mbele. Hilo lilikuwa kosa la pili, na ndilo kubwa.

Sasa niwaeleze Chisenga.

Chisenga alikuwa dereva wa lori lile na mtu wa ukoo wa mvua. Mimi ni wa ukoo wa udongo. Koo hizi mbili ni watani. Mtu wa mvua anaweza kumtukana mtu wa udongo mbele ya mkwe wake, mbele ya mhubiri, hata msibani, na mtu wa udongo hana ruhusa ya kukasirika, anatakiwa arudishe. Mimi na Chisenga tulikuwa tumerudishiana tangu utoto bila kuchoka. Siku asiponitukana nilidhani anaumwa.

Aliporudi kutoka safari ya kwanza na ekseli ile, alishuka akijishika taya.

"Iwe, we udongo, umenifungia nini huku chini? Meno yangu yamecheza ngoma mpaka Fort Rosebery."

"Meno yako yalikuwa yanacheza kabla ya difu."

"Sikiliza. Nikienda polepole, kimya. Nikikaza mwendo, inaanza kutetemeka. Nikitoa mguu kwenye mafuta, inanguruma kama tumbo la mkweo. Hiyo si difu, ni chungu. Watu wa udongo mfinyange vyungu, chuma mtuachie."

"Anayenguruma ni mvua," nikamwambia. "Udongo umelala zake, umenyamaza."

Waliokuwa wakipakia magunia walicheka, nami nikacheka. Lakini yasomeni tena maneno yake. Kimya polepole, mtetemo kwa mwendo, mngurumo mguu ukitoka kwenye mafuta. Alikuwa amenipa ugonjwa wote kwa mpangilio, kama mgonjwa anayejua kujieleza mbele ya daktari. Fundi aliyeamka angeingia chini ya lori saa ile. Mimi nilisikia tumbo la mkwe tu.

Safari ya pili aliniambia kwamba mke wake, Malita, anamshika paji la uso kila akirudi, akidhani mtetemo ule ni homa. Nikamwambia homa ya mvua ni mafua. Safari ya tatu alisema nitamzika kabla ya msimu wa kambale. Nikamwambia udongo hauna haraka, utampokea wakati wowote. Tulicheka sana siku ile. Nimeishi na jibu hilo.

Safari ya nne hakufika. Kwenye mlima wa kupandia Kawambwa, lori likiwa na magunia ya samaki wakavu hadi juu na wachuuzi wawili wamekaa juu ya magunia, krosi ya mbele ilikatika. Kardani ikaanguka ikiwa bado inazunguka, ikapiga huku na huko kama nyoka aliyekatwa kichwa, ikalikata bomba la breki za mguu. Breki ya mkono ya lori lile ilikuwa inaishika kardani yenyewe, kwa hiyo sasa haikuwa na cha kushika. Lori likaanza kurudi nyuma. Chisenga alikata usukani, akaligonga kwenye ukingo wa mlima upande wa juu, badala ya kuliacha liende upande wa bonde. Wachuuzi walirushwa majanini pamoja na magunia yao, wakainuka. Chisenga alivunjika mfupa wa bega.

Hakufa mtu. Naandika maneno hayo mawili taratibu.

Alirudi Nchelenge juu ya lori la watu wengine, mkono umefungwa kwa kitenge cha mke wake. Nilikuwa mlangoni mwa gereji. Nilisimama nikingoja tusi, na nilitaka liwe kubwa.

"Mwapoleni mukwai, Ba Yakobo," alisema, akainamisha kichwa kidogo, akapita.

Ninyi mnaojua heshima zetu mtaelewa. Hivyo ndivyo mtu anavyomsalimu mzee asiyemfahamu. Chisenga hakuwa ameniita Ba Yakobo, kwa hilo "Ba" la heshima, hata siku moja.

Nilipanda baiskeli nikamfuata kwao Kabuta. Nilipita kati ya vichanja vya samaki na watu wakanisalimu, sikumbuki niliwajibu nini. Malita alinipa kigoda na maji. Chisenga alikaa wima, kama mtu aliyetembelewa na mkubwa wa serikali.

"Nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Mungu ametusaidia, mukwai."

"Chisenga, usiniite hivyo."

"Nilikuambia mara tatu."

"Nilidhani ni utani."

"Ulikuwa utani," alisema. "Na ilikuwa kweli. Mimi nilidhani wewe unajua kuzisikia zote mbili." Akaurekebisha mkono wake ndani ya kitenge. "Nimekusamehe, Ba Yakobo. Wachuuzi wale nao wamekusamehe. Lakini lori lile silipandi tena na kazi yako chini yangu."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

Papa Ilunga alirudi kutoka kisiwani lori likiwa bado mlimani. Lori lilipovutwa mpaka gereji, alisali jicho moja likiwa wazi, akaingia chini, akakaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kabari zangu mbili mkononi.

"Ulifanya zitazamane," alisema.

"Ndiyo, Papa."

"Bibi na bwana banatazamanaka saa ya kugombana. Saa ya safari, bote babili banatazama njia." Akanipa kabari moja. "Beba hii. Weka fasi utaiona kila siku."

Ndiyo ile ya mlango wa jikoni. Ya pili aliitupa ziwani. Hakunipigia kelele, na tangu siku ile sijampigia kelele mwanafunzi wa kazi.

Kisha akatoa kipimo chake. Siku hizi mna vipimo vyenye sumaku na mshale, mnavibandika, mnasoma, mnaondoka. Papa Ilunga alikuwa na ubao uliokatwa kwenye mtumbwi mzee, umepigwa randa ukanyooka kabisa pembeni. Juu yake alipigilia msumari, akafunga uzi wa nyavu, na mwisho wa uzi akaning'iniza risasi ya kuzamishia wavu. Chini alikuwa amechoma mistari kwa chuma cha moto, kama vidole vilivyotandazwa. Kardani ikishafunguliwa, unaegemeza ukingo wa ubao kwenye uso wa giaboksi, pale kardani inapofungwa, unaona risasi imesimama mstari gani. Unafanya hivyo hivyo kwenye uso wa pinioni. Huna haja ya kujua hesabu. Huna haja hata lori lisimame mahali tambarare, kwa sababu huipimi difu na ardhi, unaipima na giaboksi.

"Na lori isimame kwa magurudumu yake," alisema, "na muzigo yake yote."

"Tupakie samaki?"

"Samaki ataoza bakati unalala chini yake." Akafikiri. "Alo basi, tutie batu."

Ilikuwa Jumatano, siku ya maombi ya alasiri. Tulilisukuma lori mpaka kwenye mchanga mgumu karibu na kanisa, tukaweka magogo kwenye magurudumu, na Papa Ilunga akaenda kuongea na mhubiri wetu mlangoni. Mhubiri alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akawaeleza watu, akapanda wa kwanza mwenyewe. Wakapanda wanawake wenye watoto mgongoni, wavuvi, wazee waliosukumwa kutoka chini na kuvutwa kutoka juu. Mama mmoja mkubwa wa mwili aliombwa akae nyuma kabisa, juu ya ekseli.

"Papa Ilunga, unapima gari au unanipima mimi?"

"Minakuomba ukuwe gunia, mama. Nusu saa tu. Kisha utarudia kuwa mama."

Springi zikainama zikilalamika. Chisenga alikuwepo, alikuja na mke wake kwenye maombi. Malita alipanda. Yeye alibaki chini, amesimama karibu na gurudumu la nyuma. Niliziona kandambili zake za mpira wa tairi nilipoingia chini na ubao.

Watu wetu wakikusanyika wanaimba, na wakiimba wanayumba. Lori likayumba nao. Risasi ikacheza kama mtoto kwenye pembea.

"Bandugu," Papa Ilunga akapaza sauti, "Mungu amesikia. Sasa munyamaze, risasi nayo isikie."

Wakacheka, na baada ya kucheka wakanyamaza.

Sijui niwaelezeje kimya kile. Nilikuwa nimelala chali kwenye mchanga. Juu yangu, upana wa mkono tu, kulikuwa na chuma, juu ya chuma kulikuwa na mbao, na juu ya mbao kulikuwa na karibu kila mtu niliyemjua. Mtoto mmoja alikohoa. Maji ya ziwa yalikuwa yanagusa mchanga. Risasi ilikwenda huku, ikarudi, ikapunguza, ikapunguza tena, na mimi nilizuia pumzi. Nilikuwa nimeingia chini ya malori mara mamia na sikuwahi kusikia kuna nini juu. Nilidhani nafunga chuma kwa chuma. Siku ile niliona kwamba kila bolti niliyowahi kukaza ilikuwa imewabeba watu ambao hawakujua jina la bolti hiyo, wakakaa juu yake kwa imani tu, kama walivyokaa wakati ule, wakiningoja mimi.

Mbele risasi ilisimama mstari wa tatu. Nyuma, kwenye viti vitupu visivyo na kabari, ilipita mbali upande wa pili, pua ikiangalia chini mno. Papa Ilunga alipachika kabari yangu ya zamani kwa muda, bila kukaza, na badala ya ile aliyoitupa ziwani akaweka nyingine ya mti mgumu aliyoikata kwa kipimo kile kile, ili nione. Risasi ikaruka hadi mstari wa saba.

"Unaona safari ya Chisenga," akasema taratibu. Niliona.

Kisha akanifundisha jambo la mwisho. Tusiiweke pinioni mstari wa tatu kamili. Tuishushe pua mstari mmoja zaidi, kwa sababu lori likivuta mzigo mlimani springi zinajikunja na pua inainuka yenyewe. Uiache chini kidogo, na mlima utaipandisha mahali pake. Yaani unafunga kosa dogo kwa makusudi, ukijua kazi yenyewe italisahihisha. Nililala pale nikafikiri juu ya hilo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka yule mama akauliza kutoka juu kama fundi amesinzia.

Nilichonga kabari mpya, nyembamba. Ijumaa watu walipanda tena, risasi ikakosa kwa nusu mstari. Nikachonga tena. Jumamosi asubuhi sikumwita mtu, na bado walikuja, wengine wakiwa na vikapu vya soko mikononi, wakapanda kama watu wanaojua kazi yao. Walinyamaza bila kuambiwa. Mbele mstari wa tatu. Nyuma risasi ilicheza, ikapunguza, ikasimama mstari wa pili.

Nilikuwa naitazama tu. Ndipo nikaona zile kandambili za mpira wa tairi, zilizokuwa karibu na gurudumu, zikiinuka kutoka mchangani, moja, halafu ya pili. Springi ya upande ule ikalia. Risasi ikatikisika, ikazunguka kidogo, ikarudi mstari wa pili.

"Kaza," Papa Ilunga akasema. "Kaza sasa, bangali juu."

Nikakaza bolti za springi kwa msalaba, hii halafu ile ya pembe ya pili, kidogo kidogo, watu wakiwa bado wamekaa. Fanyeni hivyo daima. Na baada ya siku ya kwanza ya mzigo mkaze tena, maana zitakuwa zimelegea. Na kabla ya kufungua kardani yoyote, pigeni alama kwa patasi kwenye vipande vyake viwili vinavyoingiliana kwa meno, ili virudi kama vilivyokuwa. Nimeona mtu mwenye pembe nzuri kabisa akiharibu kazi kwa kuikosea kardani jino moja.

Krosi mpya na kardani vilichelewa kufika, na bega la Chisenga likapona kabla havijafika. Papa Ilunga alikuwa na sheria: aliyefunga kazi ya chini anasafiri juu yake safari ya kwanza. Tajiri hakumlazimisha Chisenga. Asubuhi ya safari nilikuwa nimekaa juu ya mbao, kati ya magunia, pale kardani inapopita chini, nikingoja nione ni nani atapanda kiti cha dereva. Chisenga alikuja. Alilizunguka lori mara moja.

"Mwashibukeni mukwai, Ba Yakobo."

"Mwashibukeni mukwai," nikamjibu, kwa kuwa sikuwa na haki ya kusema lingine.

Tulipita Kabuta, tukapita Mofwe, watu wa nyavu wakitupungia. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya ubao wa sakafu ya lori. Alikaza mwendo, ubao ukabaki kimya. Tulipoanza kuupanda mlima nilifunga macho yote mawili, la mbinguni na la jeki. Tulifika pale, ukingo ulikuwa bado na kovu jekundu la lori. Nikasikia mguu wake ukitoka kwenye mafuta. Alifanya makusudi. Akatoa, akakanyaga, akatoa tena. Chini ya kiganja changu kardani ilikuwa inazunguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, krosi mbili zikisameheana katika kila mzunguko, na ubao haukunitikisa hata unywele.

Juu kabisa alisimamisha lori. Akavuta breki ya mkono, ikashika. Akashuka, akaja nyuma. Nilimtazama kutoka juu ya magunia. Alivua kofia yake, akaishika kifuani kama mtu anayeingia kanisani.

"Ba Yakobo," alisema, "gari halitetemeki. Polepole, kimya. Mwendo, kimya. Nikitoa mguu, kimya. Hili nakwambia bila kofia, ulisikie."

"Nimelisikia."

Akalitazama ziwa, ambalo kutoka pale linaonekana lote, jeupe mpaka Kongo. Kisha akavaa kofia, akaishindilia vizuri.

"Sasa shuka huko juu, iwe udongo, uje mbele. Ukikaa juani zaidi ya hapo utapasuka, na mimi sina muda wa kukunyeshea."

Nilishuka kwa kushikilia magunia, nikaingia mbele nikakaa kando yake, na yeye akanitukana mpaka Kawambwa.